Hati za Ardhi na Vitabu vya Madeni katika Kutafuta Historia ya Ukoo Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo jamaa, majirani na watu nisiowafahamu huniuliza tangu walipojua kwamba nimetumia miaka kadhaa kupekua karatasi za zamani za ardhi na mikopo ili kuujua ukoo wangu. Nimejibu kwa urefu pale penye mengi ya kusema, na kwa ufupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi.

Kwa nini nitafute ukoo wangu kwenye hati za ardhi na madeni, wakati wazee wapo na makanisa yana vitabu vya ubatizo?

Wazee na vitabu vya ubatizo ndio mwanzo, wala hakuna hati itakayochukua nafasi yao. Hata hivyo mzee husimulia anachokikumbuka, na kitabu cha ubatizo hakimtaji ambaye hakubatizwa. Ardhi na fedha zina tabia yake: kila zinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, huwapo mtu anayeogopa kudhulumiwa, naye hutaka jambo liandikwe pamoja na tarehe, mahali na mashahidi. Hofu hiyo ya watu wa kale ndiyo faida yetu leo. Ninalosisitiza kwa kila anayeanza ni kwamba jina la mwenye ardhi peke yake halisemi mengi. Utajiri umo katika majina yaliyomzunguka, yaani shahidi aliyetia dole gumba, mdhamini wa mkopo, jirani wa mpakani, aliyeweka kaveati (zuio linaloandikwa kwenye hati ya ardhi) na mrithi aliyekuja baadaye. Mara nyingi hao ndio shemeji, wajomba na ndugu ambao simulizi za nyumbani zimewasahau.

Nifanye nini kabla ya kwenda ofisi yoyote?

Anzia kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha bibi. Humo ndimo zilimo stakabadhi za busuulu (kodi ya mwaka ambayo mpangaji alimlipa mwenye ardhi), hati ya ardhi ambayo Waganda huiita ekyapa, tiketi za kodi, kadi ya chama cha ushirika na barua za kudai deni. Usizitenganishe karatasi zilizofungwa pamoja kwa uzi, kwa sababu aliyezifunga alikuwa na maana yake. Piga picha pande zote mbili za kila karatasi. Mimi mwenyewe nilipuuza upande wa nyuma wa stakabadhi moja kwa karibu mwaka mzima, kumbe ndiko kulikoandikwa, kwa penseli, jina la kijiji ambacho babu mzaa babu alihamia.

Ardhi ya mailo ni nini, na kwa nini kila mtu hutaja mwaka 1900?

Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza, na watawala wa Buganda kwa niaba ya Kabaka (mfalme) Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto, walitia saini Mkataba wa Buganda. Watawala hao walikuwa Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba uliigawa ardhi ya Buganda, ambayo ilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600 kabla haijapimwa: maili 8,000 zilitengewa machifu na wamiliki binafsi 1,000, maili 350 zikawa za Kabaka, na maili 9,000 za nyika na ardhi isiyolimwa zikachukuliwa na serikali ya Uingereza, mbali na misitu. Neno mailo lenyewe limetokana na hizo maili za mraba, ambapo maili moja ni ekari 640.

Kwa mtafiti wa ukoo, mambo matatu yanafuata. La kwanza ni kwamba Lukiiko, yaani baraza la Buganda, ndiyo iliyopewa kazi ya kuamua nani apate nini, na orodha yake ikapanuka mno kupita watu 1,000 waliotarajiwa. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kudhani kwamba babu yako hakuwa mkubwa wa kutosha kutajwa. La pili, watu wengi hawakupata mgao wao mahali pamoja. Mtu aliyekaa Busiro angeweza kupewa kipande Busiro, kingine Bulemeezi na kingine Singo, na upimaji wenyewe ukachukua zaidi ya miongo mitatu, ambapo madai mengi yaliuzwa, yalibadilishwa au yalirithiwa kabla mpima ardhi hajafika. La tatu husahauliwa sana: ilikuwapo mailo ya mtu binafsi na mailo ya cheo. Kila chifu wa saza (jimbo la Buganda) alipata maili 8 zake mwenyewe na maili 8 nyingine zilizofungamana na cheo chake. Za cheo hazikurithiwa na watoto wake. Zilimwendea aliyefuata kwenye cheo. Nimeona familia zikigombana kwa miaka kuhusu ardhi "iliyopotea" ambayo kwa kweli haikuwa ya babu yao hata siku moja.

Mimi ni Mwislamu. Je, mgao ule ulituhusu?

Ndiyo. Mkataba wenyewe ulimtaja Mbogo, mkuu wa Waislamu wa Buganda, na kumpa maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake. Familia nyingi za Kiislamu za Buganda zinaweza kuanza kufuatilia kutoka hapo, na pia kutoka Butambala, saza ambalo kwa desturi lilikuwa chini ya chifu Mwislamu.

Hali ya familia za Wanubi ni tofauti. Mababu zao wengi waliingia na askari wa Kisudani ambao Kapteni Lugard aliwaleta mwaka 1891, nao walikaa Bombo, Entebbe, Jinja na penye kambi nyingine, kwenye ardhi ya serikali au ya jeshi. Kwao hati ya mailo ni nadra. Watafute katika karatasi za viwanja vya mijini, leseni za biashara na majalada ya jeshi.

Nimepata namba ya hati. Nisome nini ndani yake?

Tangu sheria ya usajili wa hatimiliki ilipoanza kutumika mwaka 1924, kila kipande kilichosajiliwa kina ukurasa wake katika daftari la serikali, na mwenye ardhi hupewa nakala. Ardhi ya mailo hutambuliwa kwa jina la saza, namba ya bloku na namba ya ploti; ardhi ya kukodi na ile ya umiliki huru hutambuliwa kwa namba ya juzuu na ya ukurasa. Ukubwa huandikwa kwa ekari na desimali, na desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari. Siku hizi hekta ndizo zinazotumika, kwa hiyo usishtuke ukiona kipande kilekile kina tarakimu mbili tofauti.

Wengi husoma sehemu ya umiliki, wakanakili jina na kuondoka. Huko ni kula ganda na kuacha embe. Kwenye ukurasa uleule kuna sehemu ya mizigo ya ardhi, ambamo rehani, mikataba ya kukodisha na kaveati huandikwa, kila moja ikiwa na tarehe, saa na namba ya waraka. Namba hiyo ya waraka ndiyo ufunguo. Ukurasa utasema tu kwamba ardhi ilihamishwa, lakini waraka wenyewe, ukiwa bado upo kwenye jalada, utaonyesha bei, anwani ya mnunuzi, mashahidi na wakati mwingine maelezo kama vile "kwa mwanangu, kwa sababu ya mapenzi", maneno ambayo hakuna kitabu kingine kitakachokupa. Vilevile, ploti inapogawanywa, ukurasa wa zamani hufungwa na ploti mpya hutajwa; rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uifikie ploti mama. Mgawanyo wa ghafla wa ploti moja kuwa tano au sita karibu kila mara humaanisha kifo cha baba au deni kubwa.

Babu yangu hakuwa na mailo. Alikuwa na kibanja tu. Nimekwama?

Hapana, na kwa kweli watu wengi zaidi wako katika hali yako. Mwenye kibanja aliishi na kulima kwenye ardhi ya mtu mwingine, akilipa busuulu. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1927 iliweka busuulu kuwa shilingi 10 kwa mwaka, ikaweka kiwango cha envujjo (tozo ya mwenye ardhi juu ya mazao) kwa mazao kama pamba, na ikamlinda mpangaji asifukuzwe bila amri ya mahakama. Kila malipo yalitolewa stakabadhi. Ukizipanga stakabadhi hizo kwa miaka, utaona jina la mlipaji likibadilika kutoka la mzee kwenda la mrithi wake, na hapo umepata takriban mwaka wa kifo ambao haukuandikwa popote. Jina la mwenye ardhi aliyetoa stakabadhi litakuelekeza kwenye bloku na ploti, na huenda watoto au wajukuu wake bado wana daftari la wapangaji.

Kumbukumbu za mikopo zinapatikana wapi, na zina nini?

Kwa wengi, mkopo wa kwanza haukutoka benki. Pamba ilipoenea Buganda na Busoga baada ya mwaka 1903, mkulima alikopa kwa mwenye duka mpaka msimu wa mauzo, na deni likaandikwa kwenye daftari la duka. Madaftari hayo mengi yamepotea, ila madeni yaliyogombaniwa yalifika mahakamani: kwenye gombolola (tarafa iliyo ndani ya saza), kwenye saza, na rufaa zikapanda hadi Mengo, makao makuu ya Buganda. Kesi ya deni ni hazina ya mtafiti. Mdaiwa hueleza kwa nini hakulipa, na katika kujieleza hutaja msiba wa ndugu, mahari ya mwanawe, ugonjwa wa mkewe na safari yake ya kutafuta kazi. Watu waliokuwa wakibishana juu ya shilingi chache walituandikia maisha yao bila kukusudia.

Benki zilifuata. Benki ya Uganda Credit and Savings Bank iliundwa mwaka 1950 ikiwa na nia ya kuwakopesha Waafrika, kisha mwaka 1965 ikawa Uganda Commercial Bank. Jina lake kwenye ukurasa wa mizigo ya ardhi ni dalili kwamba mwenye ardhi aliweka hati yake rehani, pengine kwa ajili ya kununua trekta, kujenga duka au kulipa karo. Usitegemee kwamba benki itakufungulia jalada la mteja. Rehani iliyosajiliwa ndiyo njia yako, kwa kuwa iko katika daftari la ardhi.

Vyama vya ushirika navyo visisahauliwe. Wakulima wa Kinakulya huko Singo walianza kuungana mwaka 1913, na sheria ya mwaka 1946 ikavipa vyama usajili rasmi. Chama cha msingi kilikuwa na orodha ya wanachama, hisa, kilo zilizouzwa na mikopo ya pembejeo pamoja na wadhamini wake. Katika Bugisu, ambako hatimiliki zilikuwa chache, daftari la kahawa linaweza kukueleza zaidi kuliko ofisi ya ardhi. Benki ya Ushirika ilifungwa mwaka 1999, lakini vyama kadhaa vya vijijini bado vina makabati yao. Nenda na salamu, nenda na subira, na uwe tayari kwa vumbi na mchwa.

Kiasi kilichoandikwa ni rupia. Nikielewe vipi?

Hadi mwaka 1920 fedha ilikuwa rupia, na rupia 15 zilihesabiwa kuwa pauni moja. Mwaka huo rupia ikapewa thamani ya shilingi mbili na kugeuzwa florini, na muda mfupi baadaye ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi ya Uganda ilianza mwaka 1966, na mwaka 1987 sufuri mbili zikaondolewa. Badala ya kujaribu kugeuza deni la kale kuwa fedha za leo, lilinganishe na kitu cha wakati wake: kodi ya nyumba iliyolipwa serikalini katika mkataba wa 1900 ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na busuulu ya baada ya 1927 ilikuwa shilingi 10. Deni la shilingi 200 mwaka 1930 lilikuwa busuulu ya miaka 20.

Majina hayafanani kutoka hati moja hadi nyingine. Nitajuaje kwamba ni mtu yuleyule?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Kwa desturi ya Waganda, jina la mtoto hutoka katika hazina ya majina ya ukoo, wala si lazima alichukue la baba yake. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyohusiana hata kidogo kwa msomaji mgeni, na wenye ploti mbili zinazopakana wakawa mtu na kaka yake bila hati kusema hivyo. Kwa hiyo daima uliza ekika na omuziro, yaani ukoo na mwiko wake, na uyaandike pembeni ya kila jina.

Tena kuna tahajia. Karani wa mwaka 1910 aliandika kwa sikio lake: herufi mbili ziliandikwa moja, l na r zikabadilishana, na jina la ubatizo likaandikwa mara Yusufu, mara Yozefu, mara Joseph, kutegemea dini na lugha ya karani. Kisha kuna vyeo. Ukiona saini ya Pokino, Kangaawo, Mukwenda au Sekiboobo, hilo si jina la mtu bali cheo cha chifu wa Buddu, Bulemeezi, Singo au Kyaggwe, na itakubidi ujue nani alishika cheo hicho mwaka huo. Hali ni hiyo kwa wakuu wa koo: Mugema, Gabunga au Walusimbi ni jina linalovaliwa na kila anayekalia kiti. Mwisho, mrithi anayetawazwa katika shughuli ya kumaliza msiba, okwabya olumbe, husimama mahali pa marehemu, na wapo walioendelea kuitwa kwa jina lake. Mtu anayeonekana kuishi miaka 110 kwenye stakabadhi, basi, kwa kawaida ni watu wawili.

Njia salama ni kutokubali kwamba ni mtu mmoja mpaka vitu vitatu vikubaliane: jina, kijiji na mtu mmoja wa kumzunguka, kama vile mke, jirani au shahidi.

Nitamjuaje mrithi halali aliyeandikwa?

Zama za ufalme, Lukiiko ndiyo iliyothibitisha warithi wa mailo na kuwapa cheti cha urithi, kilichopelekwa ofisi ya ardhi ili jina libadilishwe. Baada ya falme kufutwa mwaka 1967, kazi hiyo iliangukia zaidi kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi na mahakama. Jalada la mirathi huwa na orodha ya wajane na watoto, muhtasari wa kikao cha familia na orodha ya madeni ya marehemu. Ukiruhusiwa kuona jalada moja tu katika utafiti wako wote, omba hilo.

Familia yetu inatoka nje ya Buganda. Je, yote haya yanatuhusu?

Kwa kiasi tofauti. Toro ilikuwa na mkataba wake mwaka 1900 na Ankole mwaka 1901, na watawala na machifu wa huko walipewa ardhi kwa hati. Buyaga na Bugangaizi zilikuwa chini ya Buganda mpaka kura ya maoni ya mwaka 1964 iliporudisha maeneo hayo Bunyoro. Kwa hiyo Mnyoro wa huko atakuta hati zenye majina ya Waganda wasioishi pale, na babu yake atakuwa miongoni mwa wapangaji. Acholi, Lango, Teso na sehemu kubwa ya Kaskazini ardhi ilibaki ya kimila, na kwa muda mrefu haikuandikwa. Huko tegemea tiketi za kodi, orodha za vyama vya pamba, kesi za mahakama za wilaya na, zaidi ya yote, makaburi na wazee wanaojua mipaka.

Na familia za Kihindi zilizofukuzwa mwaka 1972?

Amri ya Idi Amin ya Agosti 1972 iliwapa siku 90. Mali zilizobaki ziliwekwa chini ya bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuzirudisha. Majalada ya madai yana hati za kukodi viwanja, majina ya wabia wa biashara na rehani za benki. Wajukuu waliokulia Leicester au Toronto huanza vyema kwa namba ya kiwanja cha Jinja, Mbale au Kampala, ambayo mara nyingi imehifadhiwa kwenye bahasha ya familia.

Hati ya babu inasema mailo, lakini jalada la miaka ya 1970 linasema ni ya kukodi. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Amri ya Ardhi ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma na kugeuza mailo kuwa ya kukodi kutoka serikalini. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha.

Niende ofisi zipi?

Kwa hati zinazotumika sasa, nenda ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohusika na eneo lako, iwe Kampala, Wakiso, Mukono, Masaka, Jinja au Mbarara, ukalipie upekuzi wa bloku na ploti. Ramani za upimaji ziko Entebbe. Majalada ya utawala wa kikoloni yako katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Wandegeya. Hifadhi ya wilaya ya Kabarole imetunzwa na Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, na ya Jinja imepangwa na kuorodheshwa. Makerere ina mkusanyiko mkubwa wa machapisho ya zamani, pamoja na Gazeti la Serikali, ambalo hutangaza hati zilizopotea na maombi ya mirathi. Kumbukumbu za Kanisa la Uganda ziko Mukono.

Mbona wanawake hawaonekani?

Wapo, ila wamefichwa. Mkataba wa 1900 wenyewe ulimpa Namasole, mama wa Kabaka, ardhi yake, na baadaye wanawake walinunua na kurithi mailo. Lakini mke wa mkopaji hakulazimika kutia saini. Ridhaa ya mwenzi ni takwa la sheria ya ardhi ya mwaka 1998 na marekebisho yake. Kabla ya hapo mtafute kama mjane kwenye mirathi, kama mlalamikaji kwenye kesi, au kama jina la aliyeweka kaveati baada ya mumewe kuweka shamba rehani kwa siri.

Ndugu watadhani ninadai ardhi. Nifanyeje?

Watadhani, na wana sababu. Waambie mapema, mbele ya mkuu wa ukoo, kwamba unatafuta majina. Wape nakala za ulichopata. Usiweke kaveati yoyote kwa ajili ya utafiti. Na usimwachie dalali hati halisi hata kwa saa moja. Usichapishe namba ya ploti pamoja na majina ya walio hai, kwa kuwa matapeli wa ardhi nao husoma, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda wahusika. Mpangaji aliyeko kwenye ardhi ile leo naye mjulishe. Mgeni mwenye ramani mkononi huogopesha, na mara nyingi mpangaji huyo ndiye anayejua yalipo makaburi.